Mashine ya Moyo Yahitaji Mtu Aliyefundishwa

Watu wengi wanajua kazi ya mganga, ya muuguzi, ya mkunga na ya mtu wa maabara. Mwezi huu tumeona ni vema tuzungumzie kazi moja ya hospitali ambayo familia nyingi haziijui, na ambayo hata sisi tuliomo hospitalini tumeipa nafasi ndogo mno. Ni kazi ya kupima mwenendo wa moyo kwa mashine.

Maoni yetu ni haya. Kila hospitali ya wilaya, iwe ya serikali au ya misheni, inapaswa kuwa na watu wasiopungua wawili waliofundishwa kazi hii hasa, na si mtu yeyote aliyepatikana zamu hiyo. Kununua mashine bila kumfundisha mtu ni sawa na kununua cherehani na kuiacha nyumba isiyo na mshonaji. Tena hapa ni hatari zaidi, kwa sababu cherehani ikikosewa inaharibu kitambaa, lakini hii ikikosewa inampotosha mganga.

Mashine hii ni nini?

Moyo wa mwanadamu hupiga kwa sababu ya umeme mdogo sana unaoanzia ndani ya moyo wenyewe na kusambaa katika misuli yake. Umeme huo unafika mpaka kwenye ngozi. Mashine ya ECG huupokea kupitia elektrodi zilizobandikwa kifuani, mikononi na miguuni, kisha huuchora juu ya karatasi yenye miraba midogo midogo.

Hapa tuondoe hofu moja. Wagonjwa wengi wakiona waya kumi wanadhani watapigwa shoti. La hasha. Mashine hii haimpelekei mgonjwa umeme wa kumtibu wala wa kumshtua. Kazi yake ni kupokea tu, kama redio inavyopokea sauti. Haiumi, haimalizi nguvu za mwili, na kazi yote haichukui muda mrefu.

Historia yake ni ya zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1887 Augustus Waller alichora umeme wa moyo wa mtu huko London. Baadaye Willem Einthoven, mwalimu wa chuo kikuu cha Leiden nchini Uholanzi, alitengeneza chombo kilichochora vizuri zaidi, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Chombo chake cha kwanza kilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi na kilihitaji watu watano kukiendesha, naye mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu katika vyombo vya maji ya chumvi. Leo mashine inabebwa kwa mkono mmoja. Lakini jambo moja halijabadilika tangu wakati wa Einthoven: lazima awepo mtu anayejua anachofanya.

Kazi ya mpimaji

Wengine husema, "Kubandika waya na kubonyeza kitufe ni kazi gani ya kusomea?" Tuwaeleze.

Kwanza, mpimaji humpokea mgonjwa na kumweleza atakachofanyiwa. Mgonjwa mwenye hofu hukaza misuli na kutetemeka, nao mtetemo huo huingia katika mchoro. Kifua lazima kiwe wazi, kwa hiyo pazia liwepo, mlango ufungwe, na kanga safi iwe tayari ya kumfunika mama mara elektrodi zinapokuwa mahali pake. Mama aliyeachwa kifua wazi huku watu wakipita mlangoni hatarudi tena hata akiitwa, na atawaambia wenzake wasiende. Inapowezekana, mama apimwe na mwanamke mwenzake.

Pili, ngozi isafishwe. Katika joto la Handeni na Korogwe jasho huzibandua elektrodi. Mwanamume mwenye nywele nyingi kifuani huhitaji kunyolewa sehemu ndogo ndogo.

Tatu, elektrodi ziwekwe mahali pake hasa. Ile ya kwanza ya kifuani hukaa katika nafasi ya nne kati ya mbavu, upande wa kulia wa mfupa wa kifua. Ya pili hukaa kama hiyo upande wa kushoto. Ya nne huwekwa nafasi ya tano, chini ya katikati ya mtulinga, na ya tatu hukaa kati ya ya pili na ya nne. Ya tano na ya sita hufuata mstari wa ile ya nne kuelekea chini ya kwapa. Mpimaji lazima azihesabu mbavu kwa vidole, wala asikadirie kwa macho. Elektrodi mbili za kwanza zikiwekwa juu mno, kama inavyotokea mara nyingi, mchoro unaweza kuonyesha dalili za ugonjwa ambao mgonjwa hana.

Nne, mpimaji aangalie mchoro kabla ya kumfungua mgonjwa. Je, mstari umetulia? Kama una mtetemo mwembamba usiokatika, huenda ni umeme wa ukutani unaoingilia. Aangalie kama kuna simu au feni karibu, au kama kuna waya uliolegea. Kama mstari unapanda na kushuka, huenda ni pumzi ya mgonjwa au elektrodi inayobanduka. Je, jina, tarehe na saa vimeandikwa? Mchoro usio na jina hauna faida kwa mtu yeyote.

Tano, ajue kusoma kiasi cha kutosha. Kwa kawaida karatasi hutembea milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo mraba mkubwa mmoja ni sehemu ya tano ya sekunde. Hesabu miraba mikubwa iliyo kati ya kilele kirefu kimoja na kinachofuata, kisha gawa 300 kwa idadi hiyo. Ikiwa ni minne, moyo unapiga mara 75 kwa dakika. Mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya 60 na 100. Si kazi ya mpimaji kumtangazia mgonjwa ugonjwa wake. Lakini ni kazi yake kutambua mchoro usioweza kusubiri, kama vile moyo unaokimbia kupita 150, unaopiga chini ya 40, unaosimama na kuanza tena, au unaoonyesha dalili ya msuli wa moyo kukosa damu. Hapo hasubiri foleni, anamwita mganga wakati huo huo. Pia lazima ajue kumsaidia mtu ambaye moyo umesimama, maana jambo hilo linaweza kutokea juu ya kitanda hicho hicho cha vipimo.

Mwisho, afunge mdomo wake. Alichokiona katika mchoro wa mzee wa kijiji kisiwe habari ya sokoni Mkata au stendi ya Korogwe.

Rangi za waya

Hapa tutoe mfano mmoja unaoonyesha kwa nini tunasisitiza mafunzo. Mashine nyingi katika hospitali zetu ni za msaada, na hutoka nchi mbalimbali. Zile zinazofuata utaratibu wa Ulaya zina waya mwekundu wa mkono wa kulia, wa njano wa mkono wa kushoto, wa kijani wa mguu wa kushoto na mweusi wa mguu wa kulia. Zinazofuata utaratibu wa Marekani zina mweupe wa mkono wa kulia, mweusi wa mkono wa kushoto, mwekundu wa mguu wa kushoto na wa kijani wa mguu wa kulia.

Sasa mfikirie muuguzi aliyezoea aina ya kwanza, kisha mashine ikaharibika na ikaletwa ya aina ya pili. Akifuata mazoea, mwekundu atauweka mkono wa kulia nao ni wa mguu wa kushoto. Mashine haitagoma. Itachora vizuri kabisa, na mchoro wote utakuwa uongo. Aliyefundishwa husoma herufi zilizoandikwa kwenye waya badala ya kutegemea rangi. Tena akiona mstari wa kwanza umepinduka kichwa chini, huangalia mikono kwanza kabla ya kumtisha mtu.

Na uongo huo unalipiwa na nani? Unalipiwa na familia. Kutoka Korogwe mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, mjini Tanga, ni kilometa mia moja hivi. Anayetoka Handeni ana kilometa 65 zaidi kufika Korogwe kwanza, na wa vijiji vya ndani kuelekea Kilindi ana safari yake kabla ya hapo. Muhimbili ni mbali zaidi. Mchoro mbaya ukisema mtu ana ugonjwa wa moyo, mbuzi zitauzwa na shamba litawekwa rehani kwa safari isiyo na sababu. Na mchoro mbaya ukisema hana kitu, atarudishwa nyumbani mtu aliyestahili kuondoka usiku ule ule. Makosa yote mawili ni ya mtu aliyepewa kazi bila kuonyeshwa namna ya kuifanya, na lawama si yake peke yake.

"Moyo ni ugonjwa wa matajiri"

Tunajua yapo mapingamizi, na baadhi yana uzito.

Wa kwanza husema moyo ni ugonjwa wa matajiri wa mjini, na sisi tuna malaria na uzazi wa kushughulikia. Si kweli. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 17.9 walikufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika wodi zetu wanaokuja ni wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, wakulima wa mahindi, na kina mama waliovimba miguu na kushindwa kupumua wiki chache baada ya kujifungua. Wapo pia vijana walioharibika vali za moyo kutokana na maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Ni kweli kwamba vali huonekana kwa kipimo kingine, cha mawimbi ya sauti. Lakini moyo uliopoteza mwendo wake wa kawaida, unaoweza kutengeneza damu iliyoganda na kuleta kiharusi, huonekana vema katika mchoro wa umeme.

Wa pili husema, "Hata mchoro ukiwa mzuri, bingwa wa kuusoma yuko wapi?" Miaka ya nyuma hoja hii ilikuwa na nguvu. Wagonjwa wengi wa moyo walipelekwa India. Lakini upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ikasimama yenyewe jijini Dar es Salaam. KCMC ya Moshi nayo ina mabingwa. Leo mganga wa Handeni anaweza kuupiga picha mchoro kwa simu na kumtumia mwenzake aliye mbali, ilimradi jina la mgonjwa lifichwe. Mchoro mzuri husafiri na ukweli wake. Mbaya nao husafiri na uongo wake, na bingwa aliye Dar es Salaam hawezi kuona kwamba waya zilibadilishana.

Wa tatu husema mashine za siku hizi zinajisomea zenyewe na kuandika majibu juu ya karatasi. Ni kweli zinaandika. Lakini mashine huamini kila inachoambiwa na waya, na haimjui mgonjwa. Maandishi hayo ni ya kumsaidia mganga, si ya kumwondoa. Wakunga wenzetu wanalijua jambo hili. Kuna kifaa cha kusikiliza moyo wa mtoto tumboni wakati wa uchungu, nacho kimepewa jina la Kiswahili, Moyo. Kimetengenezwa na Laerdal Global Health ya Norway na kufanyiwa utafiti hapa nchini, ikiwamo hospitali ya Haydom mkoani Manyara. Kinamfaa sana mkunga mwenye wazazi wengi. Lakini kikilia, hakimgeuzi mama ubavu wala hakimwiti mganga. Hayo hufanywa na mkunga.

Nani asome, na wapi?

Katika nchi nyingine kazi hii ina jina lake na mtihani wake. Marekani kuna mafunzo ya miezi michache kwa wanaochora mchoro, na wapo wanaofanya kazi ya kukaa mbele ya vioo usiku na mchana wakitazama mioyo ya wagonjwa wa wodi nyingi, tayari kupiga simu inapotokea hatari. Uingereza wataalamu wa vipimo vya moyo husomea shahada.

Kwetu wilayani, kwa kawaida mpimaji ni muuguzi au tabibu aliyejifunza kwa kumwangalia mwenzake. Kwa hiyo tunawaambia wazazi wenye vijana wanaopenda kazi hii: njia ya uhakika ni kuingia kwanza kwa mlango wa uuguzi au utabibu. Mlango huo unahitaji kufaulu masomo ya sayansi kidato cha nne, yaani Baiolojia, Kemia na Fizikia. Msiwaambie mabinti kwamba Fizikia ni ya wavulana, maana umeme wa moyo ni fizikia tupu. Chuo cha uuguzi kipo Korogwe, na Muheza kuna chuo cha afya cha Mtakatifu Augustino. Kijana anayependa zaidi kutengeneza mashine kuliko kumhudumia mgonjwa anaweza kusomea ufundi wa vifaa tiba katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam au Chuo cha Ufundi Arusha. Nao ni watu tunaowahitaji sana.

Tahadhari moja: kabla ya kulipa ada kwa chuo chochote kinachoahidi cheti cha haraka, ulizeni kama kimesajiliwa na NACTVET. Cheti kisichotambuliwa hakimpi kijana ajira, na fedha hazirudi.

Tunayoomba kwa wenye hospitali

Tunaomba mambo manne. La kwanza, wateuliwe watu wawili kila hospitali na wapelekwe kukaa wiki kadhaa na wapimaji wa hospitali ya rufaa, wakifanya kazi kwa mikono yao wenyewe. Semina ya siku moja ya kusikiliza haitoshi.

La pili, wakirudi waachwe katika kazi hiyo. Tumeona katika hospitali moja muuguzi aliyejifunza vizuri akahamishiwa wodi nyingine baada ya miezi michache, na mashine ikafunikwa kitambaa mpaka panya wakala waya. Kuwahamisha wauguzi kuna sababu zake, kwa maana sisi ni wachache. Lakini kabla ya kumhamisha aliyefundishwa, na awepo mwingine aliyekwisha kufundishwa naye.

La tatu, karatasi na jeli ziingizwe katika bajeti ya kila mwaka kama sindano na glavu. Kabla ya kupokea mashine ya msaada, iulizwe karatasi yake inapatikana wapi. Kama haipatikani hapa nchini, mashine hiyo ni mzigo.

La nne, pawepo daftari la kila mchoro, lenye tarehe, jina la mpimaji na lililoonekana. Kwa daftari hilo mganga mfawidhi ataona kazi inaendaje.

Na ninyi wenye familia

Mtoto mwenye maumivu makali ya koo na homa apelekwe zahanati, na dawa akizopewa azimalize. Aliyekwisha kuambiwa ana homa ya baridi yabisi asikose sindano yake ya penisilini ya kila wiki tatu au nne kwa sababu anajisikia mzima. Mwenye presha ameze dawa kila siku. Maumivu ya kifua yanayobana pamoja na jasho, kuzimia ghafla, kushindwa kupumua ukilala chali, au kuvimba miguu na kupungukiwa pumzi baada ya kujifungua, yote haya ni ya kwenda hospitali siku ile ile.

Ukipimwa, omba nakala ya mchoro wako na uitunze. Mganga wa kesho atapenda kulinganisha. Lakini karatasi nyingi za mashine hii huchorwa kwa joto. Jua huzififisha, na ukiipeleka kulaminishwa inaweza kugeuka nyeusi yote. Itoe fotokopi, kisha iweke ndani ya bahasha mahali pakavu.

Tena kumbuka kwamba mchoro mzuri hauna maana kuwa moyo hauna ugonjwa wowote. Kama bado unaumwa, rudi.

Na kama siku moja utalazwa juu ya kitanda cha vipimo, usione haya kumwuliza anayekubandika waya, "Mwanangu, ulifundishwa wapi kazi hii?" Aliyefundishwa hatachukia swali hilo. Na wakuu wa hospitali wakisikia wananchi wanaliuliza kila siku, wataona kwamba kumfundisha mtu ni sehemu ya bei ya mashine.